Mbegu Tulizowaficha Wageni

Kadzo mwanangu, mama yangu,

Mama yako ameshakuambia yote. Amekuambia habari ya chandarua, ya baridi ya Marsabit ambayo hajawahi kuiona lakini anaijua kuliko wenyewe wa huko, ya kutokunywa chai kwa mtu usiyemjua, na ya kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Mambo ya shuka na sabuni yamekwisha. Mimi ameniachia nafasi ndogo sana, na ni heri, kwa sababu katika hayo ya sabuni ningeweza kujificha mpaka basi lako likaondoka kesho asubuhi.

Umekwenda Malindi kumuaga shangazi yako. Alasiri imeanza kupoa, nami nimeketi kizingitini mwa jiko la zamani la hawe yako, mamangu mzazi, ubao wa kukatia mboga juu ya magoti, naandika. Hawe yako hakuwahi kuwa na meza humu ndani, na sikutaka kuandikia haya mahali pengine.

Jana uliniletea karatasi ya maswali utakayowauliza watu wa Marsabit. Ulikuwa umechangamka, nami nilifurahi kukuona hivyo. Ukasema, "Baba, wewe umeifanya kazi hii. Hebu niangalizie Kiswahili, hili swali la kwanza limekaa sawa?" Nikasoma: Tajeni mambo matano yanayokosekana katika kijiji chenu. Nikakuambia limekaa sawa. Kisha nikasema naenda kuwatazama mbuzi, nikatoka. Ilikuwa saa nne, Kadzo. Mbuzi walikuwa malishoni tangu asubuhi. Ulinitazama nikienda kusimama kando ya zizi tupu. Una adabu ya hawe yako, ile ya kumwona mtu anadanganya na kumwachia nafasi amalize.

Kiswahili cha swali hakina kasoro. Nililiuliza mimi mwenyewe, karibu kwa maneno hayo hayo, miaka ishirini iliyopita, hapa hapa Jilore. Unayo ile picha yangu juu ya pikipiki, nimevaa koti la shirika, na najua uliwaonyesha wenzako chuoni, ukasema umefuata nyayo za babako. Hukujua kwa nini kila ukiitoa mimi nageuza mazungumzo. Leo nakupa sababu. Ukimaliza kusoma, unifikirie utakavyo, sitakuwa na la kusema.

Ulikuwa na miaka minne nilipoajiriwa kuwa afisa wa nyanjani. Shirika lilitoka mbali, jina lake halina faida hapa, na walionituma hawakuwa watu wabaya. Walinipa pikipiki, viatu vya ngozi, na koti lenye mifuko mingi kuliko vitu nilivyokuwa navyo vya kutia. Tukakaa semina juma zima. Tulifundishwa kuchora mti kwenye karatasi kubwa: shina ni tatizo, mizizi ni sababu zake, matawi ni madhara yake. Mti mzima shida tupu, hauna hata tunda moja. Niliupenda mti ule. Nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora na ulimi mwepesi zaidi ya mkono. Niliweza kuwaketisha watu darasani, na kabla jua halijafika utosini nikawa nimewatoa shida ambazo wengine hawakujua kwamba wanazo. Nilivimba kichwa, nikajiona bingwa.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi. Nikauliza, mnakosa nini? Watu wakatazamana. Shida walikuwa nazo. Maji yalikuwa mbali, na mwezi ule ule tulikuwa tumezika mtoto wa jirani kwa homa. Ila hawakuwa wamezoea kuzitaja kwa safu mbele ya mtu mwenye kalamu. Basi akasimama Mama Sidi, huyu jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, wakati huo bado ana nguvu zake zote. Akasema, "Mwanangu Charo, sisi tuna mweria."

Mweria huikumbuki, ulikuwa mdogo. Kila Jumatano majembe yote ya hapa yalikuwa kwenye shamba moja. Leo kwa huyu, Jumatano ijayo kwa yule, na mwenye shamba hupikia watu. Mgonjwa alilimiwa. Mjane alilimiwa wa kwanza. Hakukuwa na mwenyekiti wala katibu. Kulikuwa na Mama Sidi tu, aliyeshika zamu ya kila nyumba kichwani mwake, na ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Nami nikamjibu, huku nikicheka, "Mama Sidi, hilo si tatizo. Hapa tunataka matatizo." Darasa zima likacheka. Akacheka na yeye, akaketi, akaifunga leso yake upya ingawa haikuwa imefunguka.

Sikumdharau, mwanangu. Ningemdharau ingekuwa afadhali, ningejua nitubu nini. Niliitazama karatasi kweli, kalamu mkononi, nikitafuta mahali pa kuandika alichosema. Shina, mizizi, matawi. Mweria haikuwa na mahali pa kukaa, nikaiacha, nikamwita mtu mwingine.

Watu wetu ni wepesi wa kujifunza. Mkutano wa tatu walikuwa wananijibu kabla sijauliza. Nyumba iliyoonekana kukosa zaidi ndiyo iliyoandikwa kwanza, na hilo halikuhitaji kutangazwa. Gari la shirika likionekana kule barabarani, mbuzi walihamishiwa kwa wakwe. Kalume mgema, aliyepanda minazi yake yote kila alfajiri na kushuka na tembo bila kumwaga tone, alikuja mkutanoni na mkongojo. Nilimwona nikacheka moyoni. Akanikonyeza, nikamkonyeza, na nikamwandika mlemavu. Tulikuwa tumeelewana, na tulidhani tunamchezea mtu mwingine.

Halafu likaja suala la mbegu.

Ukija jikoni humu, inua macho. Juu ya mafiga kuna dari ya fito, lutsaga, imekuwa nyeusi ti kwa masizi. Wewe umeizoea tupu, labda ulidhani ni ya kuwekea vyungu. Wakati wa hawe yako ilijaa mahindi ya mbegu, mzihana, aina ya asili ya huku kwetu, yakiwa na maganda yake, yamefungwa mawili mawili na kupangwa. Moshi wa kila siku uliyafanya mdudu asiyatamani. Mbegu ile alipewa na mamake alipoolewa, na mamake alipewa na wake. Aliichagua shambani kabla ya mavuno, katikati ya shamba, hakuchukua ya pembeni. Alitafuna punje moja kuona kama imekauka, akasikiliza mlio wake jinoni. Na alikuwa na sharti lake: mbegu ikishapanda juu haishuki mpaka siku ya kwenda shambani.

Mvua ikimdanganya mtu, akapanda ikakauka, alikuja kwa hawe yako. Hakuja kuomba kwa unyonge. Aliingia, "Shikamoo, mama Kadzo," jina hilo likiwa lake kabla halijawa lako, akaketi, akaulizwa watoto hawajambo, akaondoka na mahindi yake kumi na mawili. Akivuna alirudisha, asipovuna hakuulizwa. Nimekua nikiona hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu. Nilidhani ni mama tu na jiko lake.

Shirika lilikuwa na mradi wa mbegu, na kulikuwa na vijiji vingi vya kuchagua. Kwenye fomu yangu palikuwa na mstari: kaya zisizo na mbegu. Wageni kutoka makao makuu wangekuja kuhakikisha, na wangeingia hadi majikoni. Nilitaka sana mahali petu pachaguliwe. Huo ni ukweli, nilipenda kwetu. Nilitaka pia nionekane, na sijui lipi lilikuwa kubwa kati ya hayo mawili. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia washushe mbegu. Siku moja tu, nikawaambia. Tutaziweka pamoja kwenye ghala la shirika pale barabarani, wageni wakiondoka kila mtu atachukua zake.

Wakakubali. Waliniamini, kwa sababu nilikuwa mwana wa mama Kadzo.

Mama mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuwa ameinama anapuliza moto. "Charo, nishushe mbegu ili wageni waone sina?"

"Siku moja tu, mama."

"Na ninazo."

"Hawaulizi ulicho nacho, mama. Wanauliza usicho nacho."

Akaupuliza moto tena. Kisha akasema, "Basi ni watu gani hao, wanaokuja nyumbani kwa mtu kutazama asicho nacho?" Hakusema kwa hasira. Alitaka kujua kweli. Nilimwambia hajui mambo ya kazi, nikasema nitaaibika mbele ya majirani kama nyumba ya mamangu peke yake ndiyo itakayotuharibia. Aliposikia aibu akasimama, akanipisha.

Nikapanda juu mwenyewe. Sasa sikiliza, Kadzo, kwa sababu hili mama yako pia halijui. Nilipomaliza kushusha nikaona fungu moja dogo nyuma ya boriti, limefunikwa kwa gunia. Alikuwa amelibakiza. Nilimwangalia chini, naye akaniangalia. Hakuomba. Alikuwa na hakika kwamba nitaliacha, nilikuwa mwanawe. Nikalishusha.

Nalifikiria fungu lile kuliko ninavyofikiria mambo mengi makubwa zaidi. Nililishusha kwa sababu nilitaka kazi yangu iwe safi.

Tuliyapukuchua yote ili yatoshe kwenye magunia, tukayafungia ghalani. Chumba cha mawe, bati juu, dirisha hakina, ufunguo ninao mimi. Wageni wakasema watakuja Alhamisi. Hawakuja. Wakasema Alhamisi ijayo. Nikatumwa Adu kuanzisha mikutano mingine, nikaondoka na ufunguo mfukoni, nikiogopa kwamba nikiuacha watu watarudisha mbegu juu na wageni watatukuta nazo. Mama aliniuliza habari ya ufunguo mara mbili. Mara ya pili alinitumia mtu mpaka Adu. Nikajibu, mwambieni bado kidogo.

Wageni walikuja mwishowe, miezi kadhaa baadaye. Waliingia majikoni, wakatazama juu, wakaona fito. Walisikitika kwa dhati, mmoja wao machozi yalimlengalenga. Tukachaguliwa. Kijiji kizima kilipiga vigelegele, na mimi nikabebwa juu juu. Siku ya pili yake nikafungua ghala.

Dumuzi, yule mdudu wa mahindi, hula kimya. Kwa nje magunia yalikuwa yamesimama vizuri. Nikafungua la kwanza, nikatia mkono, mkono ukaingia hadi kiwikoni bila kukuta punje. Lilikuwa limejaa unga. La pili unga. Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu na vikapu vyao, na nilisikia vikapu vinawekwa chini kimoja kimoja. Mama hakuja siku ile. Nilikwenda kumwambia, akasema, "Nimeshasikia," akanipa maji ya kunawa.

Mbegu za mradi zilikuja katika pakiti zenye picha. Hazikuwa mbovu. Penye mvua ya kutosha zilizaa vizuri, nami sitasema uongo wa upande wa pili ili hadithi inyooke. Lakini mvua ya mwaka ule ilikatika mahindi yanapotoa mbelewele, nayo yakasimama vile vile shambani yakawa makavu. Mzihana ungetoa angalau kidogo. Na watu walipotaka kwenda kwa mama Kadzo kama walivyozoea, wakakumbuka hana. Mmoja alifika hadi uani akageuka. Nilimwona.

Hawe yako alikwenda Adu kwa dadake kutafuta mbegu. Alikuwa mtu mzima tayari, akaenda, akarudi na mahindi manne. Akayapanda. Lakini shamba lilizungukwa na ya pakiti, na mahindi huchanganyika yakichanua. Alipovuna akaketi na hindi moja mapajani, akaligeuza, akalimenya, akatafuna punje. Kisha akasema, "Siyo yenyewe." Tukayala.

Kuhusu mweria, hiyo niliiua bila hata kushika kitu. Nilipohitaji siku ya mikutano nilichagua Jumatano, kwa sababu Jumatano watu walikuwa wameshakusanyika. Niliona ni werevu. Tukawa na kikundi chenye mwenyekiti, soda na biskuti, na karatasi ya kutia sahihi. Mama Sidi hakuchaguliwa chochote kwa sababu hakujua kuandika. Wiki za kwanza watu walilima asubuhi, wakaja mkutanoni mchana. Halafu wakaja mkutanoni tu. Mradi ulipokwisha muda wake gari likaacha kuja, na Jumatano ikabaki haina kitu. Nilidhani watarudi kwenye majembe. Nilimwuliza Kalume siku moja, tulipokutana njiani, mbona hamuanzishi tena. Akasema, "Nani atapika? Na wewe utaleta soda?" Alikuwa anatania, lakini hakutabasamu.

Hawe yako hakunilaumu. Nilingoja anitukane, hata mbele za watu, ningeshukuru. Alichofanya ni kuendelea kuwasha moto humu jikoni kila siku jioni, ingawa mama yako alishakuwa anapika kule kwenye jiko jipya, na juu hapakuwa na kitu cha kufukizia moshi. Aliwasha, akakaa kidogo, akaufunika, akaja kula nasi. Mama yako aliniuliza kuni hizi zinakwenda wapi. Nikamwambia wazee wana mazoea yao. Ulikuwa unakaa naye hapo kwenye moto, sijui kama unakumbuka. Ulikuwa unatoka ukinuka moshi.

Ulipofika miaka tisa akalala, hakuamka tena vizuri. Mchana wa mwisho nilikuwa peke yangu naye. Aliniita kwa jina, akauliza, "Moto umewashwa?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Haukuwa umewashwa. Hakuna aliyekuwa ameingia humu kwa siku nane. Aliitikia kwa kichwa akaridhika, nami nimeishi na kule kuridhika kwake.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilikwenda kwa mbuzi wasiokuwapo.

Sikuandikii kukukataza kwenda. Nenda. Ila nataka ujue kwamba kibaya nilichowafanyia watu hawa sikukifanya kwa uvivu wala kwa wizi. Nilikifanya kwa bidii. Nilifika mapema, niliandika vizuri, niliwapenda. Nilianza tu na swali lile, na swali likafanya kazi yake yote iliyobaki. Ukimwuliza mtu kila juma anakosa nini, na ukamlipa kwa kila jibu, baada ya muda atakupa majibu hata ya vitu alivyo navyo. Baada ya muda mwingine hatakuwa navyo.

Sijui chochote kuhusu wafugaji wa huko. Wewe pia hujui, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote uliyotia begini, usiliharibu kwa kujifanya umewajua mapema. Najua tu kwamba ng'ombe wa mtu huugua hata siku ambazo hakuna gari la shirika, na kuna mtu huitwa. Mtafute huyo anayeitwa. Mtazame mtu akikosa chumvi anakwenda mlango gani, na mtoto akipotea ni nani anayewapanga watu kumtafuta. Huyo hatakuwa kwenye mstari wa mbele mkutanoni. Pengine atasimama aseme neno moja ambalo halina mahali kwenye karatasi yako. Siku hiyo, mwanangu, iache karatasi.

Na ukijua siku yao, ile wanayofanya jambo lao, usiichukue. Hata wakikupa. Chagua siku mbaya, siku ya jua kali ambayo hakuna anayeitaka, mkutane watu watano. Mimi mikutano yangu ilijaa, na ingefaa initie wasiwasi.

Lakini nisikudanganye upande huu pia. Miaka mitatu iliyopita alikuja kijana mmoja wa shirika jingine, mpole, mwenye heshima zake. "Shikamooni wazee." Akatundika karatasi kubwa kwenye darasa lile lile. Fasheni ilikuwa imebadilika. Yeye alichora nyumba, akauliza, "Mna nini? Mna nguvu gani?" Nilikuwa nimeketi nyuma, nikafikiri, hatimaye. Basi watu wetu, hodari wa kujifunza, wakaona mchezo umegeuka. Wakataja umoja, wakataja amani, wakataja vipaji vya vijana, mambo ya kumfurahisha mgeni. Kijana akaandika yote. Wakati huo kisima kilikuwa kimekauka kwa mwezi wa pili mfululizo na wanawake wanafuata maji mto Sabaki kwa miguu. Alipomaliza akawaambia, mmeona, mnajiweza. Akawapigia makofi. Hakuleta hata bomba moja.

Kwa hiyo usimwambie mwenye kiu kwamba ana nguvu ili upate kuondoka. Ukiona wanachokosa ni bomba, tafuta bomba, uwashe moto ofisini kwenu mpaka lipatikane. Na usiliweke mpaka wakuonyeshe wao wangeliweka wapi.

Kijana yule aliuliza pia, "Mna desturi ya kusaidiana mashambani?" Mama Sidi, sasa amezeeka na haoni vizuri, alikuwa ukutani na leso yake. Akasema, "Tulikuwa nayo." Kijana akasubiri aendelee. Hakuendelea. Hakunitaja jina wala hakugeuza uso nilipokuwa. Maneno hayo mawili tu, kisha akaifunga leso.

Nimejaribu kurekebisha, usidhani nimekaa tu. Nilikwenda Adu, nikaenda mpaka vijiji vya juu huko, nikiuliza mzihana. Naonyeshwa mahindi, nayatafuna kama alivyofanya yeye, wala sijui natafuta nini. Hakunifundisha. Hapana, hilo nalo si kweli. Sikumwuliza. Miaka yote nimeishi naye nyumba moja nikiwa na kalamu na karatasi, nikizunguka kuuliza watu wa mbali, na mwanamke aliyejua zaidi ya wote tuliokuwa tunawaita wataalamu alikuwa hapa anapuliza moto. Lile swali la pili, una nini, sikumwuliza hata siku moja.

Nakuita mama tangu ulipozaliwa, kwa kuwa umelibeba jina la mamangu. Watu huita hivyo kwa mazoea. Mimi nimekuwa nikiita kwa woga. Kila ulipoitika nilihisi nimepewa nafasi ya kusema jambo, nikasema lete maji, au funga mlango. Nimekufanyia hivyo miaka ishirini na minne.

Karatasi yako nitaiweka mezani kule nyumba kubwa, chini ya barua hii. Swali la kwanza nimelikata kwa penseli. Sikuandika jingine mahali pake. Nilikaa na penseli muda mrefu, nikaona nikikuandikia litakuwa langu tena, na utakwenda nalo Marsabit kama nilivyokwenda nalo Adu. Acha mahali hapo peupe. Likikujia ukiwa huko, umeketi nyumbani kwa mtu na hujaulizwa kazi yako, ndipo uliandike.

Nasikia mama yako anauliza kuni zimekwenda wapi. Utanikuta humu jikoni. Ukiwa na hasira, mpelekee mama yako mizigo, mlale, na kesho uondoke bila kunipa mkono. Nitajua ni haki yako. Ukitaka kuja, njoo uketi. Juu hakuna kitu, unajua. Lakini ukisimama mlangoni tazama huku, utaona moshi.

Moto nimeuwasha, mama.

Babako,
Charo